Hotipoti ya Mama Wabuge

Siku Mama Sahra alipogundua kwamba hotipoti zimeisha, mimi nilikuwa nimeinama nikisugua sufuria kubwa ya pilau, na niliendelea kuisugua hata baada ya kung'aa.

"Ikra, kuja uone," alimwita binti yake. "Hii kabati iko karibu tupu. Hotipoti zetu zimeenda wapi?"

"Zimehamia Langas, mama," Ikra akajibu bila kuinua macho kutoka kwa vitunguu. "Nasikia zimepata nyumba za kukodisha. Hazirudi."

Wanawake wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo ili nisionekane sicheki.

Kila Jumamosi akina mama wa mtaa ule walikuwa wakikutana nyuma ya nyumba ya Mama Sahra. Yeye ana duka la vitambaa mjini, na uwanja wake una nafasi ya majiko makubwa. Wengine walikuwa wenzake wa msikitini, wengine walitoka kanisani kwa Mwalimu Cynthia, ambaye kwao ni Kaptagat na huleta viazi na kabichi za shamba la baba yake. Walipikia nyumba zenye shida, nyingi zikiwa mtaa wa Langas: mahali baba amepoteza kazi, mahali mama ni mgonjwa. Chakula kilitoka kikiwa moto ndani ya hotipoti, Ronnie wa boda akakipeleka, na kabla ya Jumamosi nyingine hotipoti zilitakiwa ziwe zimerudi. Mimi niliandikwa kuosha vyombo. Polepole nikapewa kumenya, halafu mwiko.

"Watu wa Langas wanapenda vitu vya watu," mmoja alisema.

"Si hivyo," Mwalimu Cynthia alisema. "Lakini lazima kuwe na mpango. Asiyerudisha hotipoti, Jumamosi hapati chakula. Kwani tutampakulia kwa viganja? Alhamisi nikitoka shule nitazunguka mwenyewe nizikusanye." Kisha akanigeukia. "Mildred, wewe si unakaa Langas? Utanionyesha njia."

Wote wakaniangalia. Mimi nikitazamwa na watu wengi masikio huwaka moto.

"Sawa, Mwalimu," niliiambia sufuria.

Hotipoti moja kati ya hizo ilikuwa kwetu.

Nilipoanza kazi, Mama Sahra aliniuliza, "Na kwenu, mnaendelea aje?" Nikasema tuko sawa. Wakati huo haukuwa uongo mkubwa. Mama alikuwa bado anabeba mawe kwenye mjengo, mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita kusaidia na wadogo wangu, na tulikuwa tunakula. Halafu mama akateleza kwenye ubao akiwa na mawe kichwani, akaumia nyonga. Mjengo haukumngoja apone.

Mwanamke anayeangalia ploti yetu ya nyumba za kupanga ndiye alimwambia Ronnie kuna nyumba hapa ina shida, kwa Mama Wabuge. Wabuge ni ndugu yangu mdogo. Mimi ndiye wa kwanza, lakini watu wa ploti wanapenda kumwita mama kwa jina la mtoto wa kiume, na kwa hiyo jina langu halikufika jikoni kwa Mama Sahra.

Nilijua chakula kinakuja kwetu siku nilipofika nyumbani jioni nikamkuta mama na watoto wamezunguka pilau ambayo nilikuwa nimeikoroga mwenyewe asubuhi.

"Onja," mama aliniambia, akicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu aanguke. "Kuna watu wametukumbuka. Onja, hawa watu wanajua kupika!"

Nikaonja. "Ni tamu," nikasema.

Ningesema siku hiyo. Lakini mama alikuwa ameniambia zamani kwamba akisikia nimepeleka shida zetu kwa mwajiri atanichapa hata kwa mguu mbaya. Angedhani ni mimi niliyelia kwa watu. Na kazini, kama wangejua, wangeanza kutazama mkono wangu nikipakua. Wangeona huruma. Mama Sahra angeongea nami kwa sauti ile laini anayotumia akitaja majina ya nyumba zetu. Basi nyumbani nilisema tu kwamba naosha vyombo kwa mama mmoja mjini, na kazini nilisema tuko sawa. Ronnie alipopeleka chakula upande wetu, mimi nilibaki nikiosha.

Jumatano jioni nilijaribu.

"Mama, hiyo hotipoti. Wenyewe wataitaka."

Ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kwa leso yake nzuri. Mara zote zingine Ronnie alisubiri nje mama akahamishia chakula kwenye bakuli letu. Mara hii ya mwisho mama alikuwa amemwambia aiache, atairudisha mwenyewe.

"Wataitaka na nini ndani?" mama akauliza.

"Tupu tu, mama. Ni ya msaada."

"Kwa hivyo mtu akisaidiwa anaacha adabu?" Alikuwa amekaa kwa kitanda akijikanda nyonga. "Wamenilisha wiki ngapi, nimrudishie mtu bakuli tupu kama mbwa amelamba? Kwetu Kimilili hata ukikosa kabisa unaweka chumvi. Wacha kuku aanze kutaga, nitaweka mayai niende nayo mwenyewe. Nataka nione uso wa huyo mama anayepika."

Uso wa anayepika ulikuwa mbele yake. Nikaenda nje kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Alhamisi Mwalimu Cynthia alikuja kunichukua kazini akiwa na kitambaa cha kanisa kichwani na mfuko mkubwa, akanipa niubebe. Mimi nilijifunga leso mpaka karibu na macho.

Nyumba ya kwanza, mama mmoja mwenye mtoto mchanga alitoa hotipoti akiomba radhi, alikuwa anawekea maji ya moto ya mtoto. Nyumba iliyofuata walisema ilipotea, na nyuma yao tuliiona mezani imejaa kamba za viatu. Mwalimu akazimimina kamba mezani, akaichukua.

Kwa Mzee Kimeli, ambaye alikuwa bawabu kabla mkewe hajaugua akalala kitandani, tulikaribishwa viti. Alileta hotipoti akiishika kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na avokado.

"Nilikuwa nangoja ziive," alisema. "Ndio maana nimechelewa. Mnisamehe."

"Lakini Mzee, hukuhitaji kuweka kitu!"

"Sasa ningerudisha hewa, Mwalimu?"

Mwalimu Cynthia akacheka, akashukuru. Lakini tulipotoka alitembea akiruka maji machafu ya mtaro. "Hata kwetu," alisema baadaye, "mama angenichapa nikirudisha bakuli la jirani likiwa tupu. Lakini hii si ya jirani. Hii ni ya kusaidia watu. Ama?"

Niliona ananingoja nijibu. Nikarekebisha leso.

"Nafikiri tumemaliza upande huu, Mwalimu," nikasema.

"Bado kwa Mama Wabuge. Ronnie aliniambia ploti yenye mlango wa mabati ya kijani. Si ile pale?"

Miguu yangu iliingia kwa sababu yake iliingia.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, mguu mbaya ameunyoosha, akipukuchua mahindi ya jirani. Wadogo wangu walikuwa hawajarudi kutoka shule. Aliinua kichwa akaniona, na uso wake ukafunguka. Si kawaida mimi kufika nyumbani mchana. Alikuwa tayari amefungua mdomo kusema jina langu.

Nikamuwahi.

"Habari ya leo, mama," nikasema. "Mimi na Mwalimu tumetoka kwa wale wa chakula."

Sauti niliyotumia ni ile ya kusalimia mtu ambaye hujawahi kumwona. Niliisikia mwenyewe ikitoka. Mdomo wa mama ulibaki wazi kidogo. Alitazama kitambaa cha kanisa cha Mwalimu, akatazama mfuko wa hotipoti begani mwangu, akatazama leso niliyojifunga. Halafu akaufunga mdomo.

"Mzuri," alisema. "Karibuni. Nyumba ni ndogo, mtanisamehe."

"Hatukai, Mama Wabuge," Mwalimu Cynthia alisema kwa upole. "Tunakusanya vyombo tu. Kuna hotipoti yetu ya bluu."

"Iko."

"Basi utupatie."

"Sitawapatia leo. Haina kitu."

"Tunaitaka hivyo hivyo, mama. Tupu."

"Mwalimu, mimi si mtu wa kurudisha chombo tupu. Mnipatie siku kidogo. Nitaileta."

Mwalimu Cynthia alipangusa jasho. Nilijua alikuwa anaona haya pia, lakini yeye akiona haya anakuwa mkali, kama walimu wote. "Mama, tumepanga hivi: asiyerudisha chombo, Jumamosi hatutaleta chakula. Si wewe peke yako. Tuna nyumba nyingi. Sasa fikiria watoto."

Mama aliokota punje ya mahindi iliyoangukia vumbini, akaipuliza, akaitia kwenye beseni.

"Basi msilete," alisema.

"Hakuna mtu mkubwa hapa anaweza kuturudishia? Huna msichana wa kutuma?"

"Niko naye. Mkubwa kama huyu wako." Hakunielekezea kidole, hata kidevu. "Anafanya kazi mjini. Ningemtuma, lakini wangu ana haya sana. Akiwa mbele ya watu hata mimi mwenyewe hanijui."

"Watoto wa siku hizi," Mwalimu Cynthia alisema.

"Ni wazuri," mama alisema. "Huyo wangu ni mzuri tu."

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwa kizingiti ninachofagia kila asubuhi. Ningesema neno moja pale, yote yangeisha. Nikauhamisha mfuko bega la pili. Tulipotoka, Mwalimu aliguna, "Kiburi nayo!" Halafu baada ya kutembea kidogo akasema, "Lakini ulimwona akijaribu kuinuka kutuaga? Ako na maumivu yule mama."

"Nilimwona," nikasema.

Jioni nilirudi nyumbani nikiwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha. Mama alinimiminia chai, akaiweka mbele yangu, akasema, "Mgeni, karibu chai." Wabuge akacheka akidhani ni mchezo. Nikainywa chai kama mgeni.

Kesho yake, usiku ukiingia, mama aliniuliza akiwa amenipa mgongo, "Yule mwalimu ni wa kanisa gani?"

"Sijui," nikasema, na nilijua.

"Na huyo mwenye jiko, unayemwoshea vyombo, ni mtu wa aina gani?"

"Ni mama tu."

"Anapenda nini?"

"Mama, sijui. Tulale."

Aliniuliza jambo rahisi kabisa. Ningemwambia jina tu, Mama Sahra, angeelewa mengine yote. Lakini nilikuwa na aibu hata ya kuongea juu ya nyumba ile na mtu ambaye nilikuwa nimemkana kwa ajili yake. Nikajifunika mpaka kichwani.

Jumamosi jikoni kulikuwa na moshi na kelele kama kawaida. Ikra alikuwa akiimba vibaya makusudi ili wenzake wamtupie maganda. Pilau ilikuwa imeiva, maharagwe pia, na hotipoti tulizokusanya zilikuwa zimepangwa mezani zikiwa wazi. Nilisimama na mwiko. Mwalimu Cynthia alikuwa akitaja nyumba, mimi nikipakua.

"Mzee Kimeli, weka laini, mkewe hana meno. Mama wa mtoto mchanga, ongeza maharagwe. Kwa Mama Wabuge, hapana. Alikataa."

"Alikataa chakula?" Mama Sahra akauliza. Alikuwa ameketi akisafisha mchele wa wiki ijayo.

"Alikataa kurudisha hotipoti. Anasema haiwezi kurudi tupu."

"Ako na watoto?"

"Wawili wadogo, na msichana mkubwa asiyemsaidia. Nilimweleza mpango. Akasema basi msilete."

Mama Sahra aliuweka ungo chini. "Sasa sijui. Tukimwachia yeye, wote wataacha kurudisha. Nyinyi mnaonaje?"

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu, mvuke unanipiga usoni. Kichwani niliona Wabuge na dada yake wakitega masikio kwa pikipiki ya Ronnie, ikipita mlango wetu bila kusimama. Nikafungua mdomo. Wote wakanigeukia, kwa sababu mimi nikifungua mdomo ni jambo la kushangaza.

"Niongeze maji?" nikauliza.

"Kwa pilau imeiva?" Ikra alisema. "Mildred, unataka tupike uji?"

Wakacheka. Nikarudi kupakua.

Ndipo geti likagongwa, na Ronnie akaingia akisukuma pikipiki.

"Mamaa, nimewaletea mgeni," alisema. "Nimemkuta barabarani anatembea na fimbo, eti anakuja huku. Amekataa nimbebee mzigo. Kila tuta tukiruka ameukumbatia kama mtoto mchanga."

Alikuwa mama yangu. Alikuwa amevaa gauni lake la kitambaa kizito, lile la mazishi na harusi, na mkononi alikuwa na hotipoti ya bluu ndani ya leso. Macho yake yalipita juu yangu yakaenda mbele, kama mtu anayepita kando ya mti. Alikuwa bado ananifichia siri yangu.

"Mwenye nyumba ni nani?" akauliza.

Mama Sahra aliinuka, akatengeneza mtandio wake. Niliona mama akiutazama ule mtandio mrefu, na akamtazama Mwalimu Cynthia mwenye kitambaa cha kanisa, kama mtu aliyeingia nyumba ambayo hakuitarajia. Lakini alikuwa amefika. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Nimerudisha chombo chako, mama. Nilichelewa. Wasichana wako walikuja nikawafukuza, usinichukulie vibaya."

Mama Sahra alikipokea. Mikono yake ilishuka kidogo kwa uzito. Akafungua.

Harufu ilitoka ikashinda ya pilau. Kuku wa kienyeji, mzima, mchuzi mzito. Juu kabisa, peke yake, kulikuwa na firigisi, imewekwa vizuri ionekane. Kwetu firigisi hupewa mtu mkubwa wa nyumba. Haiendi kwa mtu yeyote tu.

Kuku wetu alikuwa mmoja.

"Nimemchinja mwenyewe asubuhi," mama alisema, akasimama wima kwa fimbo yake. "Nimemchinja, nimemnyonyoa, nimempika. Onja basi, mama. Kwetu anayepewa huonja mbele ya aliyeleta."

Ikra aliacha kisu juu ya kitunguu. Kila mtu pale alijua kwamba kwa Mama Sahra nyama hailiwi mpaka iwe imechinjwa na Muislamu, akitaja jina la Mungu. Hata sisi tusio Waislamu, kuku wa jikoni tuliwapeleka kwa Mzee Hussein, jirani, awachinje. Kila mtu alijua, isipokuwa aliyetembea na kuku huyo kutoka Langas.

Mama Sahra alishika kifuniko. Mwalimu Cynthia alitazama chini. Mama akangoja, akitabasamu, kisha tabasamu likaanza kulegea. Alitazama mchuzi kama labda kulikuwa na nywele. Alitazama uso mmoja mmoja. Alijua amekosea, na hakujua ni nini. Mwisho akanitazama mimi. Hakuwa ananiomba nimtambue. Alikuwa anatafuta tu mtu anayemjua, amwambie.

Niliweka mwiko chini.

"Huyu ni mama yangu," nikasema.

"Nani?" Ikra akauliza.

"Huyu. Amenizaa. Mimi ndiye wa kwa Mama Wabuge. Huyo msichana asiyesaidia ni mimi."

Sikungoja waniangalie. Nilimwendea mama nikamwambia kwa Kibukusu, polepole, kwamba mwenye nyumba hii ni Muislamu, na hawezi kula alichochinja mtu asiye Muislamu, na si kwamba amedharau. Nikamwambia aliniuliza jana na sikumwambia.

Mama alifumba macho kidogo.

"Basi nimewaletea uchafu," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo kuliko yangu.

"Usiseme hivyo!" Mama Sahra alisema. Alikuwa bado ameishika hotipoti kifuani, hakuiweka chini. "Mama, ningeweza kukudanganya niseme nitakula baadaye. Sitaki kukudanganya. Kinywa changu hakiwezi. Lakini hiki ni cha nyumba yangu, umekileta kwangu, na nimekipokea. Mwalimu!"

"Naam."

"Wewe ndiye uliyemfuata kwake. Kula firigisi."

Mwalimu Cynthia alikuja akapangusa mikono kwa gauni. Akaichukua firigisi kwa vidole, akaitia mdomoni, sisi wote tukimtazama. Ilikuwa ngumu. Akatafuna, akatafuna, machozi yakamjaa machoni, sijui kwa sababu gani, na hakuweza kusema kitu mpaka amalize.

"Tamu," alisema mwishowe.

"Haijaiva," mama alisema. "Nilikuwa na haraka."

Ikra ndiye aliyeanza kucheka, na mwingine, na hata mama midomo ikamcheza kidogo. Mimi sikuweza. Viti vikaletwa, wale wa kanisani wakala kuku pamoja na mama, na kipande changu nilikila nimeinamisha kichwa. Ni kama nilikuwa nikitafuna mayai ya kuku huyo, ambayo Wabuge alikuwa akiyangoja.

Mama Sahra alinivuta kando, karibu na pipa la maji.

"Nilikuuliza, Mildred. Siku ya kwanza kabisa."

"Ndiyo, mama."

"Ukasema mko sawa. Na umekuwa ukipakua chakula cha mama yako hapa mbele yangu kama cha mtu usiyemjua. Kwani mimi ningekufanya nini?"

Asingenifanya kitu, na nilijua siku zote kwamba asingenifanya kitu. Kama ningekuwa ninaogopa kupigwa au kufukuzwa, ingekuwa rahisi kueleza.

"Sijui, mama," nikasema.

Aliponiambia, "Mpeleke mama yako nyumbani," sauti yake ilikuwa ile laini niliyoiogopa.

Ronnie alikuwa ameondoka na chakula cha nyumba zingine. Chetu kilitiwa kwenye sufuria yenye kifuniko, nikaibeba mimi, na mkono mwingine nikamshika mama kiwiko. Alikubali kushikwa. Tulitembea kando ya barabara polepole, malori yakitupigia vumbi.

"Ulinisalimia kama mtu aliyekuja kudai kodi ya nyumba," alisema tulipokuwa tumeenda mbali.

"Nisamehe, mama."

"Sijaomba uombe msamaha. Nataka kuuliza. Ulikuwa unaonea haya shida, ama ulikuwa unanionea mimi?"

Nilitaka kusema ni shida tu. Lakini nilikumbuka mlango wetu, beseni la mahindi, miguu yake yenye vumbi, na Mwalimu amesimama kando yangu na viatu vyake safi.

"Sijui mahali shida inaishia na wewe unaanzia, mama."

Alitembea, fimbo ikigonga. Nilingoja anitoe mkono kiwikoni. Hakunitoa, na hakunibana pia.

Karibu na kona ya kuingilia Langas kuna bibi mmoja mzee anayeuza mboga, aliyemjua mama tangu siku za mjengo. Macho yake ni mabovu, na masikio si mazuri pia. Fimbo ilipogonga karibu naye aligeuza shingo.

"Mama Wabuge! Umetoka leo? Na ni nani huyo anakushikilia?"

Mama angejibu mara moja. Siku zote yeye ndiye hujibu, mimi husimama nyuma yake. Lakini alitulia, akatazama mboga za yule bibi, akachagua jani moja la sukuma wiki akaligeuzageuza, kana kwamba hakuulizwa yeye. Watu walikuwa wakipita. Wanaume wa boda walikuwa wameegemea pikipiki zao wakitutazama. Masikio yakaanza kuwaka.

"Ni mimi, Mildred," nikasema. "Msichana wake."

"Ati nani?"

"Sema kwa nguvu," mama aliniambia bila kuinua macho. "Huyu hasikii vizuri."

Nikasema tena, kwa nguvu.